Jumamosi zangu na mzee wa Beaufort

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku Marekani hatujambo, ila baridi ndiyo haitaki kuondoka. Juzi ulilalamika kwamba siku hizi Jumamosi sipatikani. Basi jua zimeliwa na marehemu mmoja: baba wa babu yake mavyaa wangu.

Yalianza mezani. Mavyaa aliniuliza wazee wangu nawajua hadi wa ngapi. Nikamhesabia kama tulivyofunzwa, fulani bin fulani, mpaka kidole cha saba. Akanyamaza, halafu akasema wake wanaishia kwa mzee mmoja wa Beaufort, South Carolina. Nikajitia mjuzi: "Tutamtafuta." Mdomo ukaponza kichwa!

Sensa huku ni kila miaka 10, na kwenye ile ya 1870 tulimkuta upesi: mkulima, mke, watoto wanne. Umri wake ndio vituko. 1870 ana miaka 35, 1880 ana 40. Ya 1890 ingetufaa, lakini karatasi zake karibu zote ziliharibika baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Sasa rudi nyuma ya 1870, enzi za utumwa: kimya. Sensa ya 1860 iliandika jina la bwana, na chini yake watumwa bila majina. Mwanamume, 23, mweusi. Mwanamume, 25, mweusi. Ukurasa mzima hivyo. Wetu ni yupi?

Aliyetufungulia mlango ni mkewe. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huku, mzee alipigana upande wa Kaskazini, uliowashinda wenye watumwa wa Kusini, katika kikosi cha 33 cha askari weusi, na alipofariki mjane akaomba pensheni. Akaambiwa athibitishe ndoa. Ataithibitishaje, na ndoa za watumwa sheria haikuzitambua? Ikabidi alete mashahidi, akiwemo mwanamke aliyekua naye shamba moja. Faili lote limehifadhiwa Washington, nami nimelisoma mara tatu. Maofisa walimchokonoa yule mjane kwa maswali ya kumvua nguo: nani aliwafungisha, kabla yake uliishi na nani. Maudhi yale ndiyo tunayofaidi sisi leo, na hilo halinipendezi. Maana shahidi, katika kujieleza, akalitaja jina la bwana wao.

Kwa jina hilo tukapata orodha ya mirathi iliyoandikwa Charleston miaka ya 1850. Watu wamepangwa pamoja na nyumbu na majembe, kila mmoja na bei yake. Bei ya mzee sikuandikii. Yumo, na mstari wa juu yake kuna mwanamke. Mavyaa keshaanza kumwita bibi! Nikamwambia ngoja kwanza, orodha haisemi nani kamzaa nani. Siku mbili hatukusemeshana.

Imebaki benki. Mwaka 1865, vita vikielekea kwisha, ilianzishwa benki ya watu waliotoka utumwani, na Beaufort ilikuwa na tawi. Ilifungwa 1874, wengi wakapoteza akiba zao, lakini madaftari mengi yapo, na mara nyingi mteja aliulizwa jina la mama yake. Jumamosi hii tunaanza kuyapekua. Jina la mzee ni la kawaida mno, hata sijui tutawapita wangapi wasio wetu. Mavyaa kanunua miwani mipya.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
shoga yako wa baridini