Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani: asilimia 3,612 ya kiasi gani?

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Machi 2020, soko la hisa la Marekani likiporomoka, kampuni ya Universa, inayouza kinga dhidi ya anguko la soko, iliwaarifu wawekezaji wake kuwa imepata faida ya asilimia 3,612 kwa mwezi huo. Hatuipingi namba hiyo. Tunauliza ni asilimia 3,612 ya kiasi gani, maana namba za aina hii ndizo zinazouzia kinga mifuko ya pensheni ya walimu na wauguzi.

Kinga yenyewe ni mkataba unaotoa haki ya kuuza fahirisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, kwa bei iliyo chini ya soko, tuseme kwa asilimia 25, ndani ya miezi miwili. Soko likitulia, mkataba unakufa na pesa zimekwenda; unanunuliwa mwingine.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Mfuko wa dola milioni 100 unatenga milioni 2 kila mwaka kununulia mikataba, na meneja anatoza asilimia 1 ya milioni 100 zote. Miaka 5 ikipita bila tetemeko, mikataba imekula milioni 10 na meneja milioni 5. Siku ya anguko, mikataba iliyo hai ni ya miezi miwili tu: kama dola 333,000. Zikizaa asilimia 3,600, ni milioni 12. Mfuko umeshatoa 15. Meneja hakuhatarisha hata senti ya ada yake.

Anguko la polepole nalo halilipi. Mwaka 2022 S&P 500 ilishuka takriban robo kati ya Januari na Oktoba, lakini hakuna miezi miwili iliyofikisha asilimia 25. Na wanaokimbilia kinga wakati wa hofu huinunua ghali: tarehe 16 Machi 2020, kipimo cha hofu, VIX, kilifunga 82.69. Wengine huchoka kulipa: CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa California, ilisitisha kinga yake muda mfupi kabla ya anguko lile.

Kanuni yenu ya matangazo ya Desemba 2020 inadai matokeo ya mwaka 1, miaka 5 na miaka 10, ila inaisamehe mifuko binafsi, yaani ile isiyouzwa kwa umma. Mahakama ya rufaa ilifuta kanuni nyingine za mifuko hiyo Juni 2024. Hii ya matangazo bado imo mikononi mwenu. Ondoeni msamaha huo kwa wauza kinga. Popote asilimia inapotajwa, zitajwe pia dola zilizozaa faida hiyo, dola zote zilizolipiwa mikataba tangu mteja aingie, na ada ya meneja, kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.