Pai ya maembe ina vipimo vyake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie pishi la pai ya tofaa lililochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa mapishi, ile pai inayofunikwa juu kwa chenga za unga, sukari na siagi. Maelezo yenyewe yalikuwa mazuri na yenye mpangilio, lakini yalimalizika kwa sentensi moja isemayo kwamba asiyekuwa na tofaa anaweza kutia maembe kwa kipimo kilekile. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu maembe yameanza kujaa masokoni hapa Tanga, na msomaji atakayeifuata atatoa motoni pai iliyolowa chini na yenye utamu wa kukinaisha, kisha ataamua kwamba embe halifai kuokwa. Embe linafaa sana, ila lina tabia zake.

Tofaa ni tunda gumu, lenye uchachu wa kutosha na pektini nyingi, ambayo ndiyo huifanya jemu igande. Kwa hiyo vipande vyake hubaki na umbo hata baada ya kukaa motoni kwa muda mrefu. Embe bivu halina ugumu huo, hulainika upesi na kumwaga juisi. Aidha, gramu 100 za embe bivu huwa na sukari inayokaribia gramu 14, ilhali tofaa la uzito huohuo lina takriban gramu 10, na uchachu wa embe hupungua kadiri linavyozidi kuiva. Mpishi anayetia sukari ya pai ya tofaa katika pai ya maembe anaongeza utamu juu ya utamu bila kitu cha kuukata.

Jambo la kwanza, basi, ni kuchagua embe. Linalofaa ni lile lililoanza kuiva, ambalo ukilibonyeza kwa kidole gumba linakubali kidogo tu na nyama yake imekwisha kugeuka rangi ya manjano. Bolibo ni zuri kwa kazi hii kwa kuwa nyuzi zake ni chache, na wenzetu wa Mombasa na Lamu wana ngowe, ambalo nalo halisumbui meno. Maembe madogo ya kienyeji yenye nyuzi nyingi ni matamu kuliwa kwa mkono, lakini nyuzi hazipotei kwa kupikwa, na katika pai zinaudhi. Kwa chombo cha kuokea chenye upana wa sentimita 23 nahesabu gramu 900 za vipande, yaani maembe makubwa matatu au manne yaliyomenywa kwa kina, kwa sababu utomvu ulio kwenye ganda huwawasha midomo baadhi ya watu.

Juisi ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, na ndiyo ambayo pishi lenu halikuigusa hata kidogo. Vipande vichanganywe na vijiko vikubwa vitatu vya sukari, maji ya ndimu moja, na iliki iliyotwangwa, kisha viachwe nusu saa katika bakuli. Juisi itakayojitenga ichujwe na kuwekwa katika sufuria ndogo pamoja na vijiko vikubwa vitatu vya wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini kama poda unaotumiwa kufanya supu iwe nzito, ambao haupaswi kuchanganywa na unga wa sembe. Ukorogwe kwanza ukiwa baridi hadi usiwe na madonge, ndipo uwekwe motoni na kuendelea kukorogwa mpaka utokote na kuwa mzito. Wanga usiotokota huacha ladha ya unga mbichi na haushiki juisi ipasavyo. Uji huo ukirudishwa kwenye maembe, pai haitavuja.

Kitako cha pai hakina ugumu kwa yeyote anayejua kusukuma chapati: gramu 180 za unga wa ngano zifikichwe kwa ncha za vidole na gramu 90 za siagi ya baridi na chumvi kidogo, kisha yatiwe maji baridi kijiko kimoja kimoja, mpaka unga ushikane tu. Usikandwe kama wa chapati, kwa maana ukikandwa sana utakuwa mgumu. Baada ya kutandazwa katika chombo, uokwe peke yake dakika 15, ukiwa umefunikwa kwa karatasi iliyojazwa maharage makavu ili usivimbe, na hayo maharage yahifadhiwe kwa kazi hiyohiyo. Chenga za juu ni gramu 120 za unga, gramu 60 za sukari na gramu 75 za siagi, zilizofikichwa bila tone la maji.

Sasa nifike kwenye moto, ambao kwa wasomaji wengi ndio kikwazo kikubwa kuliko vipimo vyote. Pishi lenu lilitaja oveni ya nyuzijoto 190 kwa dakika 45, na mwenye oveni amekwisha kutosheka. Lakini bibi zetu wa mwambao walioka mikate ya sinia na keki kwa kupalia makaa, na pai hii inaokeka vilevile. Sufuria kubwa itandikwe mchanga mkavu chini, ipashwe moto vizuri, chombo cha pai kiwekwe juu ya mchanga, kisha sufuria ifunikwe kwa mfuniko bapa wenye makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, takriban theluthi mbili kwa theluthi moja, kwa sababu chenga zinahitaji kukauka na kugeuka hudhurungi, na kitako kimekwisha kuokwa mara moja. Pai imeiva pale juisi inapochemka katikati na si pembeni tu.

Wako pia wanaopikia gesi, na idadi yao itaongezeka, maana Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi kufikia mwaka 2034. Gesi haina moto wa juu, hivyo chenga zilizowekwa juu ya pai na kufunikwa zitalowa mvuke na kubaki nyeupe. Dawa yake ni kuzikaanga chenga pembeni katika kikaango kikavu, kwa moto mdogo, huku zikigeuzwa mfululizo hadi zinukie na kubadilika rangi, halafu kuzinyunyiza juu ya pai baada ya kuepuliwa. Katika nyumba isiyo na oveni wala mkaa, njia hii inatosha kabisa, nami ninaipenda kwa sababu chenga hubaki kavu hadi wakati wa kula.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba pai ya maembe ichapishwe kama pishi linalojitegemea, msimu huu na kabla maembe hayajaisha mwezi wa pili, kwa vipimo vya gramu na vya kikombe kwa wasio na mizani, na kwa maelezo ya moto wa mkaa, wa gesi na wa oveni. Isisahauliwe kuelezwa kwamba pai ikitolewa motoni iachwe ipoe kwa saa mbili kabla ya kukatwa, kwa sababu wanga hukamilisha kuishika juisi inapopoa, na kwamba katika joto letu isilazwe mezani hadi kesho yake.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga