Wingu au seva? Kwanza ulizeni nakala iko wapi

Mhariri,

Ofisi za mawakili zinapotaka kuhamisha majalada yao kwenye kompyuta, mjadala huwa mmoja: tununue seva (kompyuta kuu inayotunza mafaili ya ofisi nzima) tuiweke ofisini, au tulipie kila mwezi mfumo wa wingu, yaani mafaili yakae kwenye kompyuta za kampuni nyingine tuyafikie kwa intaneti? Wauzaji wa pande zote mbili wana maneno matamu. Naomba nafasi niseme wanayoyaruka.

Gharama ya seva haiishii dukani. Inataka UPS (kifaa cha kushikilia umeme unapokatika) ambayo betri zake huchoka baada ya miaka mitatu hivi, kiyoyozi usiku na mchana, na mtu wa kusasisha programu. Huyo mtu ndiye hukosekana. Windows Server 2012, programu ya kuendeshea seva, iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2023, lakini mashine inayoitumia huwaka kila asubuhi kama jana, hivyo hakuna anayeshtuka. Nazo diski mbili zinazoandika kitu kilekile ndani ya seva husaidia moja ikifa, basi. Karani akifuta folda, au virusi vya kudai fidia vikifunga mafaili, zote mbili huharibika papo hapo. Mwizi naye hubeba seva nzima.

Kwa ofisi yenye mawakili chini ya kumi, isiyo na fundi wa kudumu, mimi nasema wingu. Ila si wingu peke yake. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazoleta intaneti, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Hakimu haahirishi shauri kwa sababu hati ya madai imekwama winguni.

Kosa ninaloliona baya zaidi ni kudhani kwamba folda inayojilandanisha na wingu (kila badiliko la huku hufanyika na kule) ni nakala rudufu, yaani nakala ya akiba. Faili likifutwa kwenye laptop, na winguni linafutika. OneDrive ya ofisi, huduma ya wingu ya Microsoft, hutunza kilichofutwa kwa siku 93. Lakini madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na waraka unaweza kuhitajika muda wote huo. Waraka uliofutwa Januari mkaja kuutafuta Juni hamtaupata.

Nunueni diski mbili za nje, zifungwe kwa usimbaji (mafaili yasisomeke bila ufunguo) na nenosiri. Kila Ijumaa nakilini kila kitu kwenye moja, muichomoe (diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa na virusi pamoja na kompyuta), ikalale nje ya ofisi. Wiki inayofuata ni zamu ya diski ya pili. Kila miezi mitatu chagueni jalada moja, mlifungue kutoka kwenye diski kwa kompyuta nyingine. Msitegemee kupakua upya kutoka winguni: GB 500 kwa kasi ya Mbps 10 huchukua zaidi ya siku nne na nusu, na hapo laini haijayumba hata kidogo.

Kabla ya kusaini mkataba, mwulizeni muuzaji taarifa zitakaa nchi gani, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti kuhusu kuzipeleka nje. Kisha mwambieni awatolee jalada moja la majaribio nje ya mfumo wake. Mifumo mingine hutema rundo la PDF zenye majina ya namba tupu, bila jina la mteja wala tarehe ya shauri. Ukikuta hivyo, usisaini.

Fundi wa mifumo ya kompyuta,
Dar es Salaam