Barua ya wazi kwa Waziri wa Takwimu: muulizeni mama kafika lini kabla hamjamhesabia watoto

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika hadharani kwa sababu kila ripoti ya uzazi ikitoka mambo ni yaleyale, inatolewa namba moja ya watoto kwa kila mwanamke mhamiaji na namba moja ya wenyeji, watu wanazidaka hizo mbili wanaanza kupiga hesabu za miaka hamsini mbele, huyu anasema tunamezwa, yule anasema afadhali wametuokoa maana wenyeji hawazai, na wote wanasimamia namba ambayo haisemi wanachodhani inasema.

Mi sio mtaalamu wa takwimu, ni mkalimani, nakaa kati ya nesi na mama aliyetoka nchi nyingine. Kuna mama mmoja simsahau. Mume alitangulia, akahangaikia makaratasi ya kumleta mke miaka minne, na miaka yote hiyo mama yuko kwao hana mtoto, mawifi wakimuuliza lini anajibu nikifika. Akafika ana miaka 29, mwezi wa kumi na tatu kajifungua, na kabla mtoto hajaanza kuongea vizuri yuko na mimba ya pili. Siku ile nesi anajaza fomu mi natafsiri: umri, nchi uliyozaliwa, basi. Mama akanishika mkono akaniambia waambie hawa ni wawili tu, siongezi tena, mi nilikuwa nimechelewa. Nikamwambia nesi, akaitikia kwa kichwa, ila kwenye fomu hakukuwa na sehemu ya kuliandika hilo.

Sasa angalia hesabu inavyomfanya huyu mama. Kiwango cha uzazi cha mwaka kinapatikana kwa kuchukua wanawake waliopo nchini mwaka ule, unaangalia kila umri wamezaa wangapi, afu unajumlisha toka 15 mpaka 49 kana kwamba ni mwanamke mmoja aliyeishi miaka yote hiyo hapohapo. Kwa mwenyeji haina shida sana, maana ile miaka ambayo hajazaa nayo imo ndani. Kwa mhamiaji ile miaka minne ya kusubiri aliiishi kwingine kwa hiyo haimo kabisa, ameanza kuhesabiwa alipofika na alipofika ndo kaanza kuzaa. Jumlisha wengi wa namna yake, unapata mwanamke wa kwenye karatasi mwenye watoto wengi kuliko ambao hawa wanawake wenyewe watakuwa nao mpaka mwisho.

Na sio mimi nimeligundua. Mwaka 2004 Laurent Toulemon wa INED, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa idadi ya watu, alilieleza wazi, kwamba lazima uangalie mama alikuwa na umri gani alipofika, na waliofika wangali watoto wadogo wanakuja kuzaa sawa tu na wenyeji. Mwaka huohuo mtafiti Gunnar Andersson alionyesha kwa rejista za wakazi wa Sweden kwamba uzazi unapanda mara tu baada ya kufika afu miaka inavyopita unashuka kuelekea ule wa wenyeji.

Kosa linaenda upande wa pili pia, na hili huwa silisikii likisemwa. Mama anayefika na miaka 40 akiwa na watoto wanne aliozaa kwao, kwenye hesabu yenu ya uzazi anaingia kama mtu ambaye hajazaa.

Sisemi hakuna tofauti, ipo. Ufaransa mwaka 2017 wanawake wahamiaji walikuwa na kiwango cha karibu 2.6 na wazaliwa wa nchi karibu 1.8. Ila nchi nzima ilikuwa karibu 1.9, yani wahamiaji waliongeza kama 0.1 tu, maana ni kama asilimia 12 ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Karibu mtoto mmoja kati ya watano aliyezaliwa mwaka ule mama yake alikuwa mhamiaji, na bado wastani wa nchi ulisogea kidogo hivyo. Kwa hiyo anayeogopa amezidisha, na anayewasubiri wahamiaji wajaze mabenchi ya shule afike ile 2.1 ya kujirithisha, yani watoto kwa kila mwanamke wanaotosha idadi ya watu isipungue, atasubiri sana. Hata huko wanakotoka mambo yamebadilika, Mexico miaka ya 1970 mwanzoni ilikuwa zaidi ya watoto 6 kwa mwanamke sasa hivi haifiki 2, Iran ilishuka toka zaidi ya 6 mpaka karibu 2 ndani ya miaka kama ishirini hivi. Marekani wanawake wa asili ya Amerika ya Kusini na Kati walikuwa karibu 3 mwaka 2007, kufika 2019 walishakuwa chini ya 2. Isitoshe anayehama sio picha kamili ya aliowaacha, mara nyingi kasoma zaidi au ana mipango mingine ya maisha, na akifika anakutana na kodi ya nyumba na zamu za usiku na hana mama wala dada wa kumshikia mtoto. Hayo nayasikia kila wiki wakiniambia wenyewe, tena wengine wanayasema wanalia.

Ombi langu ni dogo Mheshimiwa. Kwenye ripoti tenganisheni wahamiaji kwa umri waliofika nao na miaka waliyokaa, msitoe ile namba moja peke yake. Na kwenye fomu ongezeni maswali mawili: ulifika mwaka gani, na mpaka leo umezaa watoto wangapi, popote ulipowazalia. Kuyatafsiri yote mawili hakunichukui hata dakika moja, na niko tayari kuanza kesho asubuhi.

Mkalimani wa wodi ya wazazi