Heri ya Krismasi, na kwa walio ng'ambo ya mpaka

Ndugu, jamaa na marafiki, nawasalimu nyote katika jina la Mwokozi aliyezaliwa. Tumefika Desemba kwa neema tu. Nauli za kwenda nyumbani zimepanda tena, na najua wengi mtakula sikukuu huko huko mjini. Poleni. Mungu anajua mfuko wa kila mmoja.

Kwangu mimi msimu huu una kidonda. Desemba ya 2015 nilituma salamu kwa kila nambari iliyokuwa kwenye simu, maneno yale yale kwa wote. Binamu yangu, aliyekuwa na jeshi letu la Kenya kambini El Adde, Somalia, akajibu: "Asante kaka. Huku ni vumbi tu. Nitumie picha ya nyama ikiwa bado iko motoni." Nikasoma, nikasema nitatuma baadaye. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ikavamiwa alfajiri na wapiganaji wa al-Shabaab.

Picha sikuituma.

Siku ya mazishi yake, mzee mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake: "Si walienda kulinda mkaa wa Kismayu?" Mama yake marehemu alikuwa hatua tatu mbele. Alisikia. Niliona bega lake likishuka.

Sikatai watu kuuliza. Tuliingia Somalia Oktoba 2011 tukiambiwa ni kulinda nchi, kisha shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa likatutoa machozi 2015. Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku mkaa wa Somalia 2012, lakini ripoti zake zikasema uliendelea kupakiwa bandarini Kismayu vikosi vyetu vikiwa pale, jeshi likakanusha. Na marais watatu walikuja Eldoret kuomboleza wa El Adde, ila idadi kamili ya waliokufa wananchi hatukutangaziwa. Hayo waulizwe walioamuru, bungeni na kwenye kura. Kijana aliyepangiwa zamu ya usiku hakuketi kwenye vikao hivyo. Tusimdai yeye madeni ya wakubwa.

Na ninyi mnaomwita shujaa siku ya gwaride, halafu akirudi kimya mnasema amerogwa, nanyi nawasihi. Mkaribisheni mezani. Msimuulize ameua wangapi. Akitoka nje katikati ya maombi, mwacheni atoke, kisha mmoja wenu amfuate akakae naye bila maneno mengi. Wajane wa hawa vijana wako katika makanisa yetu. Msingoje kamati ya harambee iwakumbuke. Na tukiwaombea wanajeshi, tuwaombee pia akina mama wa Kisomali waliozika watoto katika vita hivi hivi, maana nao wana machozi.

Nawatakia Krismasi njema yenye amani, na Mwaka Mpya wenye baraka, afya na mafanikio tele.

Mdogo wake binamu yangu naye yuko Jubaland, huko huko Somalia, mwaka huu. Mbuzi atachinjwa asubuhi, na simu nimeshaichaji.