Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru

Ndugu wanachama,

Ziara ya Naivasha, semina ya huduma kwa jamii na rambirambi kwa wenzetu waliofiwa mnazijua, nami sitazirudia.

Lililozua manung'uniko ni shajara, ambamo kila afisa wa probesheni, yaani sisi tunaowasimamia waliopewa kifungo cha nje na kuiandikia mahakama ripoti, aliombwa kuandika shughuli zake za kutwa kwa majuma mawili. Wazo hilo nililitoa mimi, na bado nalitetea. Taarifa zetu za kila mwezi huhesabu ripoti zilizofika mahakamani na watu tunaowasimamia. Hazisemi kwamba kwa ajili ya ripoti moja tu afisa alikwenda Kuresoi kumtafuta mlalamishi, akamngoja chifu hadi alasiri, akarudi kwa nauli ya mfukoni mwake. Tangu Mahakama ya Juu ilipobatilisha hukumu ya lazima ya kifo kwa wauaji mwaka 2017, tumeandika pia ripoti za wafungwa wanaohukumiwa upya, na familia za pande zote mbili hutafutwa baada ya miaka mingi. Ukimhoji afisa mwishoni mwa mwaka, atakumbuka kesi nzito na kusahau saa alizosimama koridoni akisubiri faili.

Wapo waliodai kwamba huu ni mtego wa wakubwa wa kuwanasa wachelewaji. Shajara hazina majina bali nambari, na orodha anayo katibu peke yake. Wateja wetu pia hawatajwi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatubana kama inavyowabana wengine. Hoja yenye uzito, na nashukuru aliyeitoa, ni kwamba siku yenye kazi nyingi ndiyo ambayo ukurasa hubaki mtupu. Kwa sababu hiyo tuliweka safu ya kujaza saa tu, bila maelezo.

Uamuzi ulipitishwa kikatiba katika mkutano mlioarifiwa nyote, wakahudhuria 11. Kati ya wanachama 64, waliolipa ada ya shilingi 3,000 ni 27, yaani shilingi 81,000. Shajara zilichukua 22,400, rambirambi 40,000, ukumbi 9,000, na salio ni 9,600. Inasikitisha kwamba wanaolalamikia hizo 22,400 kwa sauti kubwa zaidi hawamo miongoni mwa hao 27.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuwasilisha matokeo kwa wahusika na kuomba nyongeza ya usafiri. Shajara zilizorudishwa ni 19; waliobaki nazo wamkabidhi katibu leo kabla ya chakula, hata kama hazikujazwa zote.

Mwenyekiti