Barua kwa mwanangu: mlango unaotazamana na wako

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Swali lako la Jumapili uliniuliza ukiwa umeshavaa viatu, mguu mmoja ndani mwengine nje, na swali kama lile halijibiwi mlangoni. "Mama, nchi ikivurugika kama kule Sudan, sisi watu wa kawaida tutaishije?" Kisha ukanionyesha kwenye simu lile betri kubwa unalotaka kununua, na magunia ya unga na mchele. Nunua, mwanangu, ukiweza. Lakini tangu siku ile swali limenikaa kifuani, na mimi hayo makubwa nimeyaona kidogo, kwa hivyo nakuandikia.

Wewe Mei 2020 ulikuwa umekwama Nairobi, hukuyaona ya huku. Kafyu ya korona ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, saa moja magharibi kila mtu awe ndani, na siku hiyo ya kwanza mjomba wako alirudi kutoka kivuko cha Likoni macho yamevimba kwa moshi wa machozi. Walitawanywa wakiwa bado kwenye foleni ya feri, watu wametoka kazini wanataka kwenda kwao. Halafu tarehe 6 Mei mtaa wetu ukafungwa kabisa, siku moja na Eastleigh ya huko Nairobi. Tuliambiwa siku 15. Zikaongezwa, tukafunguliwa Juni. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, na Idi tuliisali nyumbani.

Unajua kitu gani kilituadimikia kwanza? Maji matamu. Unga ulikuwapo, mchele ulikuwapo, lakini yule kijana wa mkokoteni anayetuletea mitungi ya lita 20 kila asubuhi alibaki ng'ambo ya kizuizi. Kisima cha uani tunacho, unakijua, lakini maji yake ni ya chumvi: ya kufulia na kuoshea sakafu sawa, chai haiyataki. Nilikaa siku ya tatu kwenye ukingo wa kisima kile nikiitazama ile michirizi kwenye jiwe, iliyochimbwa na kamba za wanawake waliotutangulia, nikajiuliza baba yako atamezea nini dawa zake za presha.

Aliyetutoa ni yule mama wa ghorofa ya chini, mwenye tangi. Alipanda ngazi mwenyewe, na magoti yake yale, akasema kila nyumba itapata mtungi mmoja kwa siku mpaka tangi likauke, na likikauka tutajua la kufanya. Hakutaka hata shilingi. Nami nakuambia hakuamka siku ile akawa mwema ghafla. Kwa miaka zaidi ya ishirini sahani zimepanda na kushuka zile ngazi kila magharibi ya Ramadhani. Mimi nampelekea kaimati, sahani inarudi na viazi vya nazi. Siku akiwa hana kitu inarudi na tende mbili, lakini tupu hairudi. Kwa hivyo alikuwa anajua nyumba yangu ina watu wangapi, nani mgonjwa, nani hali chumvi. Asingehitaji kuuliza.

Na dawa nazo zilipatikana hivyo hivyo. Kijana wa nyumba ya tatu alipita kichochoro kizima na daftari, akaandika wazee wote na vidonge vyao, karatasi ikapokewa kizuizini na mwenzake wanayecheza mpira pamoja, na jioni mfuko ukaja. Kila mzee na bahasha yake. Ile karatasi ninayo mpaka leo kwenye sanduku la vyeti.

Sasa hao Wasudani unaowataja. Vita vyao vilianza tarehe 15 Aprili 2023, nao wako kwenye kumi la mwisho la Ramadhani. Khartoum mabenki yakafunga, hospitali zikafunga, na waliobaki wakajipanga mtaa kwa mtaa kupika sufuria moja kubwa ya maharagwe au dengu, watoto wanapanga foleni na vibakuli. Majiko hayo wenyewe wanayaita takaya. Fedha nyingi zilikuwa zinatoka kwa ndugu zao walio nje, zinaingia kwa programu ya benki kwenye simu. Februari 2024 mtandao ukakatika, na mengi ya majiko yale yakazimika. Wapishi walikuwepo na wenye njaa walikuwepo, ila pesa haikuwa na njia ya kuingia.

Hapo ndipo ninapokuogopea. Mara ya mwisho umeshika noti ya mia mbili ni lini? Umeme ulipokatika karibu nchi nzima ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, ulinipigia usiku simu inakufia mkononi, mfereji hautoi maji, na mfukoni huna hata ya tuktuk. Maji yetu ya Baricho yanasukumwa kwa pampu za stima kutoka mto Sabaki, na yakifika kwenye jengo lenu pampu nyingine ndiyo iyapandishe mpaka kwako ghorofa ya nne. Stima ikienda, maji hayakawii kuifuata. Weka elfu mbili za noti ndogo ndogo ndani ya msahafu wako, na usiziguse.

Sitakudanganya kuwa jirani ni amani siku zote. Agosti 1997 Likoni watu wa bara waliokaa pwani miaka na miaka walivamiwa na nyumba zao zikachomwa, na wengi walikimbilia kanisani. Mama mmoja wa bara alilala kwetu siku tisa kwenye chumba cha ndani, na nyanyako akawa anawaambia wanaouliza kwamba ana mgeni kutoka Lamu. Walijuana vipi? Yule mama alikuwa akimpindia nyanyako leso zake kwa cherehani. Ni hilo tu, leso.

Nilipokuuliza Jumapili jirani yako ni nani, ulinijibu, "Yule wa 4B." Miaka mitatu, mwanangu, na mtu bado ni namba.

Basi Jumamosi nitamtuma kijana wa tuktuk akuletee vitu. Kuna mitungi miwili yenye vifuniko. Ijaze, na maji uyabadilishe mara kwa mara. Kuna seredani na kifurushi cha makaa. Utaiwasha nje barazani peke yake, kamwe usiiingize ndani ukafunga madirisha, hewa ya makaa inaua mtu usingizini wala haimwamshi. Na kuna sahani mbili za mahamri na mbaazi, nimezifunika kwa kitambaa. Moja yako. Ya pili ni ya 4B. Piga hodi wewe mwenyewe, usimpe mlinzi apeleke. Ukinipigia Jumapili nitakuuliza anaitwaje na watoto wangapi.

Akuhifadhi Mola.

Mamako